Mchanga wa Ruaha Kwenye Tanki la Maji Chumvi

Mimi bahari sijaiona mpaka leo ninapoandika. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo walilonipiga nalo pale Mikumi, mbele ya watu, wakacheka. Sawa, bahari sijaiona. Lakini mchanga naujua, na wao mchanga hawaujui, na kati yetu ni mimi niliyefukuzwa.

Mchanga nimefundishwa na mama yangu. Alikuwa akichekecha mchanga wa Mto Mkondoa, pale Kilosa, wakati wa kiangazi maji yakishapungua, na mimi nikitoka shule naweka daftari juu ya jiwe nashika upande wa pili wa chekeche. Mafundi walikuwa wakimfuata yeye, hawafuati wengine. Fundi anataka wa zege, mama anamwonyesha rundo lile. Anataka wa plasta, anamwonyesha lingine. Mtu akileta ubishi, mama anachukua konzi ya mchanga anausugua viganjani, kisha anaumwaga na kumfungulia mkono usoni. "Unaona? Safi. Ungekuwa na udongo ningebaki na mkono mchafu kama wako." Alifariki mwaka niliomaliza kidato cha nne. Cheti changu hakukiona.

Baada ya hapo nikaolewa, kwa haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Mwanaume mwenyewe alikwenda kukata miwa huko Ruaha msimu mmoja, msimu ukaisha, yeye hakurudi. Ana mwanamke mwingine na sina haja ya kumweleza zaidi. Mimi nikabaki na binti wa mwaka mmoja nyumbani kwa mama mkwe, Mabwerebwere, huko huko Kilosa.

Kwetu, upande wa mama yangu, watoto ni wa ukoo wa mama. Hilo halina mjadala. Mwanaume akiondoka, anaondoka yeye, mtoto anabaki tumboni kwa wajomba zake, ndivyo wazee wanavyosema. Lakini babu yake mama mkwe aliletwa kukata mkonge enzi za mashamba ya wazungu, na kwao, huko alikotoka, mtoto ni wa baba. Baba awepo asiwepo. Siku nilipomwambia nimepata kibarua cha usafi hotelini Mikumi na nataka kwenda na mwanangu, alikuwa anapepeta mchele, hakuacha kupepeta.

"Unakwenda kulala wapi na mtoto wa mwanangu?"

"Kuna chumba cha wafanyakazi, mama. Tuko wanne."

"Wanne. Na kazi yenyewe?"

"Kibarua, lakini wamesema wataangalia."

"Wataangalia." Akapuliza makapi. "Sikia, mwanangu. Mimi sikunyimi. Siku utakayoniletea barua ya ajira, siyo ya kibarua, barua yenye mhuri, na ukawa na chumba chako chenye komeo, njoo umchukue. Sitakuzuia hata mlangoni. Kabla ya hapo usiniletee habari za ukoo wa mama. Ukoo haumpikii mtoto uji."

Nikaondoka. Mtoto alikuwa amelala, na nilifurahi kwamba amelala, na mpaka sasa najichukia kwa ile furaha.

Kwa hiyo kila kitu nilichofanya pale Mikumi, mwaka mzima na miezi, nilikifanya kwa ajili ya karatasi yenye mhuri. Nilisugua vyoo kwa ajili ya hiyo karatasi. Nilifua mashuka ya watalii yenye vumbi jekundu la mbugani kwa ajili ya hiyo karatasi. Meneja alikuwa akipita ananiambia, "Dada, wewe uko kwenye orodha," na mimi namjibu, "Ahsante, bosi," na wala hiyo orodha sikuwahi kuiona.

Ndipo likaja tanki.

Mwenye hoteli ni mama mmoja anayekaa Dar es Salaam. Aliona mahali fulani, sijui nchi gani, tanki la samaki wa baharini lililojengwa ukutani mapokezi, akalitaka. Wageni watoke kuangalia simba, waingie ndani wakute bahari. Sisi wafanyakazi tulicheka. Mpishi akasema, "Samaki wanaletwa porini kuangaliwa, sisi huku tunawakosa kwenye sufuria." Lakini tanki likaja kweli, kioo kinene, refu kuliko kitanda changu, na mashine zake, na ndoo za chumvi maalumu, na mfuko mdogo wa mchanga wa mfano, na kitabu cha maelekezo kwa Kiingereza.

Meneja alikigeuza kile kitabu kurasa mbili tatu akanitupia. "Wewe si umefika fomu foo? Soma, utatuambia."

Nilikisoma siku tatu. Nilikisoma wakati wa kula, kwa kamusi ya shule ya mtoto wa mlinzi. Nilikuwa na hamu nacho, niseme ukweli, kwa sababu sura nzima ilihusu mchanga. Ndani ya ule mfuko wa mfano mlikuwa na mchanga mweupe, mwepesi, wenye vipande vya makombe na vijiti vidogo kama mifupa ya dagaa. Kitabu kilisema ule unatokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, na kwamba unasaidia maji yasichachuke. Kilisema usiweke mchanga wa mto wala wa ujenzi, maana hujui maji ya mto yamepita wapi, unaweza kuwa na mbolea au dawa za shambani. Kilisema uoshe kwa maji safi bila sabuni mpaka maji yatoke meupe, utandaze unene wa vidole vitatu, ujaze maji ya chumvi taratibu juu ya sahani ili usitifue, halafu usubiri. Siyo siku mbili. Wiki kadhaa. Mchanga unatakiwa kwanza uote vijidudu visivyoonekana, ndivyo vinavyokula uchafu wa samaki. Mchanga mpya ni kama nyumba isiyo na choo. Hilo la choo ni langu, kitabu hakikusema hivyo.

Kilitoa na namna ya kupima. Dondoshea siki. Mchanga wa bahari utatoa povu. Mwingine utakaa kimya.

Nilimweleza meneja yote. Alinisikiliza vizuri, hata akaniita ofisini nikakaa kwenye kiti. Akasema, "Basi hili tanki ni lako. Dereva anakwenda Dar kuchukua huo mchanga. Wewe uuandae. Mama akija akaridhika, nakuandikia barua yako, nakuapia." Nikatoka pale nikiwa nimeshapanga chumba kichwani, na komeo lake, na mahali pa kuweka kitanda cha mtoto.

Dereva ni shemeji yake meneja, ndugu wa mke wake. Aliondoka Jumatatu. Akarudi Jumatano jioni, viroba sita nyuma ya gari, yeye mwenyewe ananuka pombe ya jana.

Nilifungua kiroba cha kwanza nikajua kabla sijaingiza mkono. Ulikuwa wa kahawia, mzito, unametameta. Mchanga wa mto kwetu unameta hivyo, una ulanga ndani yake, watoto hujipaka usoni wakacheza harusi. Nikausugua viganjani, mikono ikabaki na udongo. Nikachimba kwa ndani. Nikatoa kipande cha bua la muwa, na pingili yake, bado kibichi upande mmoja.

Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi anavua viatu. Nikamsogelea na kile kipande.

"Kaka, huko baharini siku hizi wanalima miwa?"

"Unasemaje wewe?"

"Nauliza tu. Huu mchanga umetoka Dar, na huu muwa ni wa wapi?"

Akaangalia kile kipande, akaangalia pembeni. "Gari limepita Kidodi. Malori ya miwa si yanadondosha? Imeingia njiani."

"Kutoka Dar kuja Mikumi unapitia Kidodi? Kidodi si unaipata ukishatupita sisi?"

Mlinzi akacheka. Jamaa wa bustani naye akacheka. Dereva hakupenda. Akasimama, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

"Sista, wewe umeshawahi kuiona bahari?"

Nikaendelea kukigeuza kile kipande mkononi.

"Si nakuuliza? Umeshaiona, hata siku moja?"

"Sijaiona."

"Haijui bahari, ananifundisha mchanga wa bahari." Akawageukia wenzake, na wale wale waliomcheka, sasa wakacheka naye. "Huyu amezaliwa Kilosa, bahari yake mafuriko."

Niliingia jikoni. Siki ilikuwa imekwisha, mpishi akanipa ndimu. Nikachukua visahani viwili, kimoja nikaweka mchanga wa mfano, kingine nikaweka wa dereva, nikaenda ofisini kwa meneja, nikavikamulia ndimu pale pale mezani kwake, juu ya makaratasi yake. Mmoja ukachemka, povu jeupe likapanda taratibu. Mwingine ukalowana, basi.

"Bosi, huu ni wa Mto Ruaha, kule Kidodi kwenye miwa. Shemeji yako Dar hakufika."

Meneja aliangalia vile visahani. Sikatai, alielewa. Ni mtu aliyesoma kuliko mimi. Nilimwona kabisa anaelewa, kisha nikamwona anaamua.

"Mama anakuja Jumamosi na wageni wake. Anakuja na samaki kabisa, wako kwenye mifuko. Unataka nimwambie nini? Tanki tupu?"

"Mwambie asubiri. Kitabu kinasema wiki kadhaa hata mchanga ukiwa mzuri."

"Kitabu." Akavuta droo, akachomoa fomu, akaiweka juu ya meza akaiwekea kiganja. "Unaijua hii? Hii ndiyo fomu ya ajira. Nilikuwa naijaza leo. Sasa chagua, dada. Unaosha huo mchanga mpaka ung'ae kama wa kwenye picha, au unaendelea kunisomea kitabu?"

Watu hupenda kuuliza, kwa nini hukukataa. Wanauliza wakiwa wamekaa na watoto wao.

Nikaosha. Niliuosha kama mtu anayeosha maiti. Niliuchekecha kwanza kwa wavu wa dirisha, nikatoa mabua na kokoto, nikauweka kwenye beseni, nikamimina maji, nikakoroga kwa mkono mpaka kiwiko, nikamwaga. Maji ya kwanza yalitoka kama uji wa ulezi. Ya tano kama chai ya maziwa. Alhamisi mchana nikafika maji ya ishirini na kitu, yakatoka meupe, unaona kidole chako chini. Nikausugua viganjani, mkono ukabaki safi. Mama yangu angeupitisha ule mchanga. Kwa plasta angeupitisha.

Lakini kuosha kunatoa udongo. Dawa ya kuua magugu haionekani kwenye kiganja. Nililijua hilo nikiwa nimeinama juu ya beseni. Niliutandaza vidole vitatu, nikaweka sahani, nikamimina maji ya chumvi juu yake taratibu. Taa ilipowashwa, ule ulanga ukameta chini yote. Jamani, ulipendeza. Mpishi aliacha sufuria akaja kuangalia.

Jumamosi mama mwenye hoteli akaja na wageni wake na samaki wake. Wekundu wenye mistari myeupe, wengine wa buluu kama sare ya shule, mmoja wa njano mwenye mdomo uliochongoka. Wakamiminwa wote siku hiyo hiyo. Wakaogelea. Watu wakapiga picha. Yule mama akainama karibu na kioo, mkufu wake ukagonga.

"Ni nani ameandaa mchanga huu? Unameta. Mbona kule Dar niliouona haumeti hivi?"

Meneja alinitazama. Dereva alitazama kofia yake.

Pale ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi. Mwenye mali anauliza kwa mdomo wake mwenyewe, ananiangalia mimi mwenye ndala na kitambaa cha kufutia. Ningesema, mama, haumeti kwa sababu ule ni wa bahari na huu ni wa mto, watoe samaki wako leo. Ningesema maneno hayo tu.

Nikasema, "Mimi, mama."

"Hongera. Una mkono."

Meneja akadakia, "Ndiye huyu niliyekuambia tumwajiri."

"Mwajirini. Anasubiri nini?"

"Jumatatu namwandikia, mama."

Nikapiga goti. Nilipiga goti, na nikasema ahsante, na nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kwa hiyo ninapowatukana wale wanaume wawili, na nawatukana kila siku ya Mungu, huwa najiwekea na langu.

Jumapili asubuhi wa njano alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga wangu. Mchana wale wa buluu wakawa wanahema juu juu, midomo nje, kama watoto wenye nimonia. Nilikaa na ndoo nabadilisha maji nusu nusu, meneja ananiambia niache kwa sababu wageni wanaona. Jumatatu, siku ya barua, nikaopoa wanane kwa kichujio cha chai, nikawafukia nyuma ya stoo. Jumanne hapakuwa na hata mmoja. Mpishi, aliyekuwa na utani wa kila kitu, akarudi zake jikoni.

Mama mwenye hoteli alipiga simu, meneja akaweka sauti nje ili nisikie. "Si alisema mwenyewe ni yeye? Mbele yangu alisema ni yeye." Ni kweli, nilisema.

Meneja akanikalisha kwenye kile kiti. Akanipa karatasi yenye nembo ya hoteli na kalamu. "Andika maelezo. Usipoandika tunakwenda polisi, na huko utaeleza vizuri. Wewe una mwandiko mzuri." Akasoma, nikaandika. Kwamba mimi, mfanyakazi wa usafi, ndiye niliyeandaa mchanga wa tanki. Kwamba nilikabidhiwa kitabu cha maelekezo na nikakisoma. Kwamba sikuyafuata. Kwamba naacha kazi kwa hiari yangu. Niliposikia hiyo ya hiari nikainua kalamu.

"Na dereva?" nikasema.

"Dereva gani?"

"Aliyechota mchanga Ruaha."

"Una ushahidi?"

Ushahidi ulikuwa kipande cha bua la muwa, nilikuwa nimekitupa. Nikaandika ya hiari. Akapiga mhuri, moja ya faili, moja yangu. Mhuri wa duara, wino wa buluu, umekolea vizuri.

Jumatano nikapanda gari la Kilosa. Ile karatasi nilikuwa nimeikunja ndani ya kitabu cha maelekezo, ambacho niliondoka nacho, wakitaka waje wanidai. Sikuwa na mpango wowote. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye walisema nilipanga.

Nilimkuta mama mkwe barazani. Mwanangu alikuwa chini anachora mavumbini kwa kijiti, amekua, miguu imekuwa mirefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona siku ya kazi?" Akamgusa mtoto kwa mguu. "Wewe, msalimie mgeni."

Mtoto akasimama, akaweka mkono mmoja kichwani kama anavyofundishwa, akasema, "Shikamoo, anti."

Nikaitikia marahaba. Kitu gani kingine ningesema.

Mama mkwe akaona ile karatasi imechungulia kwenye kitabu. Nembo ilikuwa nje. "Ndiyo yenyewe hiyo?"

Mama mkwe hasomi. Anajua namba na anajua mhuri. Alinyoosha mkono, nikampa. Akaifungua, akaikagua juu mpaka chini, akaweka kidole juu ya lile duara la buluu.

"Huu mhuri ni wa hoteli?"

"Ndiyo, mama. Wa hoteli."

"Nisomee."

Nikaichukua. Mwandiko ulikuwa wangu, ule ule wa daftari juu ya jiwe. Nikasafisha koo. Nikasoma kwamba mimi, mfanyakazi wa usafi, ndiye niliyeandaa mchanga wa tanki. Hapo ilikuwa kweli. Kwamba mwenye hoteli ameuona na kuusifu. Hiyo pia ilikuwa kweli. Halafu nikaendelea kusoma yasiyokuwepo. Kwamba kwa sababu hiyo ninaajiriwa kuanzia leo, kwa kudumu, na ninapewa chumba cha peke yangu. Macho yangu yalikuwa juu ya neno hiari.

"Kina komeo?"

"Wameandika hapa. Kina komeo."

Akapapasa goti lake. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo za mtoto, umefungwa tayari. Ulikuwa umefungwa siku nyingi, vumbi lilikuwa kwenye fundo. Hilo linanichoma kuliko yote. Yule mama alikuwa anangoja niilete kweli.

"Asikose uji asubuhi," akasema. "Na usimpige."

Sasa tunakaa Kidodi, chumba kimoja, komeo nilinunua mwenyewe nikaligongomea kwa jiwe. Nachekecha mchanga wa Ruaha kwa ajili ya mafundi, ule ule, na nikimwuzia mtu namwambia, huu ni wa mto, wa plasta, usiupeleke pengine. Mama mkwe aliambiwa ukweli kabla wiki mbili hazijaisha. Alituma ujumbe kwamba mimi ni mwizi. Nikamjibu kwamba mtu haibi cha kwake. Hakujibu, na mimi sijarudi Mabwerebwere kumpigia magoti, ingawa najua ndicho kinachotakiwa, na yapo magoti ambayo nilishayapiga pasipostahili.

Mtoto anakaa pembeni ya chekeche anajipaka ulanga usoni. Siku za kwanza alilia akimtaka bibi mpaka sauti ikakauka. Sasa halii. Uji anakunywa. Ananiita anti bado, nami nikiitwa naitika.